Ndege Moja, Nchi Nne

Ndugu msomaji, wewe uliyezoea foleni ya malori Malaba na Busia, je, wajua Kenya na Uganda zilikuwa na ndege za shirika? East African Airways ilianza 1946, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mojawapo ya ndege zake ni DC-3 ya pangaboi mbili, iliyoruka mara ya kwanza Marekani 1935. Ikiwa chini mkia hulala, basi abiria hupanda kiti chake kama anayepanda mlima! Fokker zilikuja 1962, lakini mzee hakustaafu upesi. Kilichoua shirika si injini, bwana, ni ugomvi wa madeni. 1977 likavunjika. Mwaka huohuo reli yetu ya Malaba nayo ikagawanywa.