Majina ya Kambi za Jeshi: Kutoka Colito Hadi Makoko

Katika nchi ya Uzanaki, jina ni kumbukumbu kabla ya kuwa wito. Mtemi mmoja wa Butiama aliitwa Nyerere, maana yake kiwavi, kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi na kuila mimea. Mwanawe, aliyezaliwa mwaka 1922 siku ya mvua kubwa, aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Wazee wale hawakuwa na vitabu vya kuandikia tarehe, bali walikuwa na watoto, na katika majina ya watoto waliihifadhi historia ya njaa na ya neema.

Ikiwa jina la mtu mmoja lina uzito huo, je, jina la kambi ya jeshi, ambamo vijana wa taifa zima huapa kuilinda nchi, lina uzito gani? Ni nani mwenye haki ya kulitoa, na ni wakati gani yafaa libadilishwe? Swali hili si geni kwetu. Taifa letu lilikwisha kulikabili mara moja, na yafaa tuutazame tena uamuzi wake.

Tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, jeshi tulilolirithi lilitokana na kikosi cha sita cha King's African Rifles, jeshi ambalo raia waliliita Keya. Lilipewa jina la Tanganyika Rifles, lakini maofisa wengi waliendelea kuwa Waingereza, na kambi yake kubwa pale Dar es Salaam iliendelea kuitwa Colito. Colito ni mji wa Ethiopia. Karibu na mji huo, tarehe 19 Mei 1941, askari wa Keya walipigana na majeshi ya Italia. Sajini Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, alikipanda kifaru cha adui na kuwaua waliokuwamo isipokuwa dereva, kisha naye akauawa alipojaribu kukiteka kingine. Waingereza walimtunukia Nishani ya Victoria baada ya kufa kwake.

Hapana budi tuwe waadilifu. Jina hilo halikuwa la gavana wala la mfalme. Lilikuwa jina la mapigano ya kweli, ambamo Waafrika walimwaga damu, na vita vile viliwakomboa Waethiopia. Lakini askari Mwafrika aliyepigana Colito hakuwa na kauli katika vita hivyo, na baada ya ushindi alirudi nyumbani akiwa mtawaliwa kama alivyoondoka.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi, wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Tarehe 25 Januari, kwa ombi la Serikali yetu, makomando wa Uingereza walishuka kambini kwa helikopta na kuwanyang'anya silaha. Kwa taifa changa, kumwita mtawala wa jana aje kulituliza jeshi lake lilikuwa jambo chungu, na Mwalimu Nyerere hakulificha. Jeshi lile lilivunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, chini ya Mirisho Sarakikya, na kambi ya Colito ikaja kuitwa Lugalo.

Lugalo ni mahali karibu na Iringa. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, majeshi ya Mtwa Mkwawa yaliuvizia msafara wa kivita wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo. Zelewski aliuawa, na sehemu kubwa ya kikosi chake ikaangamia. Wajerumani wakajenga mnara hapo kuwakumbuka wafu wao. Wahehe walioanguka siku hiyo hawakujengewa mnara na mgeni yeyote. Ilipasa uhuru uje ndipo ushindi wao upewe mahali pa heshima.

Kwa hiyo jina la vita tulivyopiganishwa lilipisha jina la vita tulivyopigana. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Hata hivyo una deni ambalo bado hatujalilipa. Mkoa wa Mara, na hasa Wakuria, ulitoa vijana wengi kuingia Keya. Jenerali David Musuguri, aliyezaliwa Butiama mwaka 1920 na kufariki mwaka 2024, aliingia Keya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baadaye aliiongoza Divisheni ya 20 katika vita dhidi ya Iddi Amin, na tangu 1980 hadi 1988 alikuwa Mkuu wa Majeshi. Mtu mmoja alivaa sare za mkoloni, kisha akavaa sare za taifa, na hatuwezi kumkata vipande viwili. Tulipolifuta jina la Colito hatukukusudia kuwafuta wazee hawa. Lakini jina likiondoka bila kusimuliwa, watu wake huondoka nalo.

Tutazame na kwa majirani. Nchini Uganda kambi ya Jinja ilipewa jina la Gaddafi, mtawala wa Libya, aliyekuwa rafiki wa Amin. Mwaka 1979 askari wa Libya walikuja kumpigania Amin, na Watanzania wakakabiliana nao uso kwa uso. Jina la mtawala aliye hai huifunga kambi kwenye urafiki wa msimu. Huko Marekani, mwaka 2023, kambi tisa zilizokuwa na majina ya majemadari waliopigana upande wa wenye watumwa zilikuwa zimepewa majina mapya. Mwaka 2025 majina ya zamani yalirudishwa, kwa kutafuta askari wengine wenye majina yale yale. Jina ambalo raia hawajakubaliana juu yake hubadilika kila serikali inapobadilika.

Sasa turudi Mara. Mjini Musoma kuna kambi ya Makoko. Wilayani Butiama kuna kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ya Rwamkoma. Majina hayo ni ya ardhi yenyewe. Makoko ni pia jina la seminari na la shule ya lugha; askari, padri na mwanafunzi wanalitumia kwa pamoja. Tofauti yake inaonekana Bunda, ambako ramani ingali ikiyaita maji ya ziwa Ghuba ya Speke, kwa heshima ya Mwingereza aliyelifikia ziwa hilo mwaka 1858, ilhali wavuvi walikuwa wakitega nyavu humo tangu enzi za mababu.

Je, Makoko au Rwamkoma ipewe jina la shujaa, kama vile Musuguri? Hoja ya kukubali ina nguvu: kijana huiga anachokisikia kila siku. Lakini mimi naona jina la ardhi halina kosa la kulipia. Halikuletwa kwa bunduki, na halimbagui yeyote. Shujaa apewe ukumbi, barabara ya kambini, au shule; ardhi iachiwe jina lake. Tubadilishe jina lile tu lililowekwa juu yetu na mtawala, na tunapobadilisha tuandike langoni jina la kale na sababu ya kuliacha. Mwacha asili ni mtumwa, nayo asili yetu ina Lugalo na ina Colito pia.

Leo maelfu huenda katika hospitali ya jeshi ya Lugalo kutafuta tiba, na wengi wao hudhani jina hilo ni la mtaa tu. Hapo ndipo kazi ya mwalimu ilipo. Wanafunzi wa Musoma, Bunda na Butiama na waende kwa wazee wangali hai, waulize Makoko na Rwamkoma maana yake nini, na nani katika ukoo alikwenda Keya na hakurudi. Majibu wayaandike kwenye madaftari, maana kibao cha langoni hakina nafasi ya kuyabeba yote.