California: Jimbo Tajiri Lililolipa Watu kwa Karatasi

Najua wengi wenu mkisikia California mnawaza Hollywood na kompyuta, mnadhani na serikali yake inakwenda kama saa. Basi leo niwape historia kidogo.

Julai 2009 serikali ya jimbo hili iliishiwa fedha. Pengo la bajeti lilikuwa takriban dola bilioni 26. Wazabuni, na hata watu waliokuwa wakidai kurudishiwa kodi zao, wakapewa karatasi za ahadi: shika hii, tutakulipa baadaye. Yaani serikali inakukopa kwa nguvu!

Kulikoni? Turudi nyuma. Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya reli ya Southern Pacific ndiyo iliyokuwa na kauli Sacramento, makao makuu ya jimbo. Gavana Hiram Johnson akaingia madarakani 1911 akiahidi kuivunja nguvu hiyo. Mwaka huo huo wananchi walipata silaha tatu: kutunga sheria wenyewe kwa kura, kuikataa sheria ya Bunge, na kumng'oa kiongozi kabla ya muda wake.

Mwaka 1978 silaha ya kwanza ilitumika kwelikweli. Kodi ya nyumba na ardhi ilikuwa inapanda kwa kasi, wazee wakihofia kupoteza nyumba zao. Wakapitisha Proposition 13: kodi hiyo isizidi asilimia 1 ya thamani iliyoandikishwa, na Bunge lisipandishe kodi bila theluthi mbili ya kura. Bajeti nayo tayari ilihitaji theluthi mbili. Hapo mkwamo ukakomaa. Walio wachache wanazuia, walio wengi wanasema mikono yao imefungwa. Sasa mwananchi amuulize nani?

Mwaka 2003 ikaja zamu ya silaha ya tatu. Gavana Gray Davis akang'olewa, akaingia mcheza sinema Arnold Schwarzenegger. Kipya kinyemi! Lakini zile karatasi za 2009 zilitolewa yeye akiwa gavana. Mtu alibadilika, kanuni zikabaki zile zile.

Nafuu ilikuja pale kanuni zenyewe zilipoguswa. Mwaka 2010 wananchi walipitisha Proposition 25: bajeti ipite kwa kura zaidi ya nusu, na ikichelewa wabunge wakose mshahara wa siku hizo. Ule mchezo wa kuchelewesha bajeti kwa miezi ukaisha. Mwaka 2014 wakaimarisha mfuko wa akiba wa siku mbaya. Mapengo ya fedha bado hutokea, ila wa kuulizwa sasa anajulikana.

Kwa nini nawaandikia haya? Kwa sababu nyumbani nako tunajadili katiba. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 104, inawapa wapiga kura haki ya kumrudisha mbunge nyumbani, na Watanzania wengi wanaitamani haki hiyo. Mimi siipingi. Nasema tu kwamba kumfukuza dereva hakutengenezi breki. Kabla ya kuuliza tumtoe nani, tuulize kanuni gani inamruhusu kila mmoja kusema si mimi.

Nyie mnaonaje? Niandikieni. Wasalimieni wazee wote.