Diski ya Pili Kwa Kompyuta: Iweke, Ipe Herufi, na Usichome Mafaili Zako

Mashine imejaa. Kila ukitaka kuseivu kitu, Windows inalia C haina nafasi. Umeenda tao, ukatoa ganji, ukarudi na diski ya pili. Umeiweka, umewasha, halafu wapi! Haionekani. Tulia buda, hujauziwa mawe. Diski mpya kabisa haitokei mpaka uitayarishe.

Kuiweka

Zima mashine na uchomoe waya ya stima. Shika chuma ya kesi kwanza ndio umeme wa mwili usiumize bodi. Diski ya SATA inataka waya mbili: moja ya data inaenda kwa bodi, ingine ya stima inatoka kwa pawa saplai. Ya M.2 haina waya, inachomekwa kwa bodi na kushikwa na skrubu moja.

Kuiamsha

Washa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, halafu "Disk Management". Ukiulizwa GPT ama MBR, chagua GPT, juu MBR haipiti TB 2. Bonyeza kulia pale pameandikwa "Unallocated", chagua "New Simple Volume", kisha fomati na NTFS. Ya TB 1 itasoma kama GB 931. Hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.

Herufi

A na B zilikuwa za diski za floppy, ndio maana Windows hukaa C. Diski mpya hupewa herufi ya kwanza iliyo wazi. Huipendi? Bonyeza kulia, "Change Drive Letter and Paths", kisha "Change". Mafaili hazifutiki. Ngori ni kama tayari uliweka gemu ama programu huko: ilizoea D, ukiigeuza M itatafuta D na ikose kufunguka. Kwa hivyo chagua herufi kabla hujajaza diski. Kama ni diski ya nje, ipe ya mbali kama M, ndio fleshi isiikalie kiti ukiichomoa. C usiiguse.

Hapa ndio wasee hulia

Herufi ni jina tu, na inaweza badilika. D ya mashine yako ya zamani inaweza kuja E kwa hii mpya. Kabla ya kufomati, angalia namba ya diski, kama Disk 0 ama Disk 1, na ukubwa wake. Na kama diski ina vitu zako za kitambo na Windows inakuambia ifomatiwe ama ianzishwe upya, kataa! Izime, peleka kwa fundi wa kuokoa data. Picha za shosho na biti zako za miaka tatu hazinunuliwi tao.