Walikuja na kamera, ziwa likawajibu

Mwishoni mwa 1968 na mwanzoni mwa 1969, Wazungu wawili walikuwa wakizunguka Afrika Mashariki na kamera, kila mmoja kivyake. Mmoja alikuwa Pier Paolo Pasolini wa Italia, mshairi na mwongozaji wa filamu mwenye umri wa miaka 46, ambaye jina lake lilikuwa limeshavuma kwa filamu ya Injili ya Mathayo aliyoitoa 1964. Wa pili alikuwa kijana wa Kijerumani wa miaka 26, Werner Herzog, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoa filamu yake ndefu ya kwanza. Miaka mingi baadaye wakafuata wengine: Hubert Sauper wa Austria, aliyepiga picha za samaki wa Ziwa Victoria kule Mwanza, na Tom Tykwer wa Ujerumani, aliyefungua milango ya mafunzo ya filamu Nairobi.

Hakuna kati ya hawa wanne aliyeifanya Kisumu kuwa kitovu cha filamu yake. Hata hivyo, mambo waliyoyafuata ni yaleyale yanayozungumzwa kila siku kandokando ya ziwa, kuanzia Dunga hadi Usenge: maradhi, damu na sheria, samaki, na pepo wanaosafiri usiku. Na ukizifuatilia filamu hizo moja baada ya nyingine, unagundua kwamba sehemu zake zenye uhai hadi leo ni zile ambapo waliotazamwa walimjibu mtazamaji.

Inzi wa kwenye picha

Herzog alikuja kuwapiga picha madaktari wanaoruka kwa ndege, huduma iliyoanzishwa 1957 na madaktari wa upasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, ambayo leo tunaijua kwa jina la Amref. Filamu yake, ya dakika 45 hivi, ilizunguka Kenya, Tanzania na Uganda. Mwenyewe hakuihesabu kuwa sanaa. Aliiona kama ripoti tu, kazi aliyoifanya kwa ajili ya marafiki.

Lakini ndani ya ripoti hiyo mna jambo lililomkaa kichwani kwa miaka mingi. Trakoma ilikuwa ikipofusha watu, na wahudumu wa afya walikuwa wakifundisha usafi wa macho kwa kutumia michoro mikubwa. Wanakijiji wakawekewa michoro kadhaa, mmojawapo wa jicho, mwingine umegeuzwa juu chini, wakaulizwa upi ni upi. Wengi hawakuweza kusema. Herzog amesimulia pia kisa cha mchoro wa inzi aliyekuzwa ili watu wamwone vizuri: wenyeji waliutazama wakasema tatizo hilo kwao halipo, kwa kuwa inzi wao si wakubwa kiasi hicho.

Mtu angeweza kucheka na kuondoka. Herzog alifikia hitimisho jingine: kusoma picha ni jambo la kujifunza kama kusoma maandishi, na waliochora michoro ile walidhani macho ya watu wote yamesoma shule moja. Wanakijiji walikuwa wamejibu sawasawa swali waliloulizwa. Inzi wa ukubwa ule kweli hawakuwapo. Yeyote aliyewahi kubandika bango la kichocho, malaria au ukimwi kwenye ukuta wa zahanati kandokando ya ziwa, kisha akaona watu wanapita bila kugeuza shingo, anaweza kujifunza kitu hapo.

Sauti ya Okello mtoni Amazon

Katika safari zake za Afrika Mashariki Herzog alivutiwa pia na mtu ambaye hakumpata kwenye kamera. John Okello alizaliwa 1937 huko Lango, kaskazini mwa Uganda, na lugha yake ya nyumbani ni ndugu wa Kiluo. Januari 12, 1964, Zanzibar ilipopinduliwa, ni sauti yake iliyosikika redioni ikijitangaza jemadari, kwa Kiswahili cha lafudhi ya bara na vitisho vya adhabu zilizopita kiasi. Miezi michache baadaye wenzake walimtimua visiwani. Kitabu chake kuhusu mapinduzi hayo kilichapishwa Nairobi mwaka 1967, na 1971 alitoweka Uganda chini ya utawala wa Idi Amin.

Herzog alitamani kutengeneza filamu juu yake, ikashindikana. Hata hivyo Okello aliingia kwenye sinema kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1972 Herzog alitoa Aguirre, filamu aliyoipiga Peru kuhusu askari wa Kihispania anayeasi katikati ya msitu wa Amazon na kujiita ghadhabu ya Mungu. Herzog mwenyewe ameeleza kwamba maneno ya Aguirre, majigambo na vitisho vyake, yalichukua rangi ya hotuba za Okello. Klaus Kinski ndiye aliyemwigiza Aguirre, na wapenzi wa sinema Paris na New York wakayasifu maneno hayo bila kujua kwamba mwangwi wake ulianzia kwenye redio ya Unguja.

Tumezoea kuhesabu tulichopokea kutoka kwa wasanii wa Ulaya. Kisa hiki kinatukumbusha kuandika pia walichochukua.

Msiba wa Wagiriki na Oktoba ya Kisumu

Pasolini yeye alikuja na kitabu cha Kigiriki cha kale. Aliamini kwamba Orestia, tamthilia tatu za Aeschylus kuhusu ukoo unaolipiza damu kwa damu hadi mahakama ya kwanza inapoundwa Athene, ilikuwa inatokea upya katika Afrika iliyotoka kujitawala. Akapita Uganda na Tanzania akitafuta nyuso na mahali: soko la Kasulu, Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, ngoma ya Wagogo, arusi Dodoma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akakiona kuwa hekalu la Apollo. Mapepo ya kisasi aliamua kuyaonyesha kama miti inayopepesuka kwa upepo.

Filamu kamili haikutengenezwa. Kilichobaki ni madokezo yake ya picha nyeusi na nyeupe, yaliyokamilika 1970. Katikati ya madokezo hayo Pasolini alifanya jambo ambalo waongozaji wachache wangethubutu: aliwaonyesha picha zake wanafunzi Waafrika waliokuwa wakisoma Chuo Kikuu cha Roma, akawauliza wanaonaje, na akawaacha ndani ya filamu walipompinga. Mmoja alimwambia kuwa Afrika si nchi moja, na kwamba yeye akiwa Mhabeshi anaweza kusemea Ethiopia tu. Neno kabila nalo likazua ubishi. Unamwona Pasolini akijitetea, akirudi nyuma, akijaribu tena. Nusu karne baadaye, ndicho kipande cha filamu hiyo ambacho hakijazeeka.

Alichokuwa akikitafuta, swali la damu na sheria, kilikuwa karibu kuliko alivyojua. Julai 5, 1969, waziri Tom Mboya, mwana wa kisiwa cha Rusinga, aliuawa kwa risasi Nairobi. Oktoba 25 mwaka huohuo Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ambayo wakazi hadi leo wanaiita Russia. Yeye na kiongozi wa upinzani, Jaramogi Oginga Odinga, wakarushiana maneno mbele ya umati, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa, watoto wakiwemo. Siku chache baadaye chama cha Jaramogi, KPU, kilipigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa ndani. Katika Orestia kisasi huishia mahakamani. Kisumu haikupata mahakama hiyo, na wala hakuna mwongozaji mkubwa aliyekuja kuuliza ni kwa nini.

Mbuta mbele ya kamera

Kizazi kilichofuata kiliingia kwa njia ya samaki. Mbuta alipandikizwa ziwani kutoka upande wa Uganda miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amemeza karibu kila kitu. Wataalamu wanakadiria kwamba mamia ya aina za fulu, wale samaki wadogo ambao hawapatikani kwingine duniani, walipungua vibaya au kutoweka kabisa. Viwanda vya minofu vikachipuka Kisumu, Homa Bay, Mwanza na Entebbe. Mnofu ulikwenda Ulaya, mfupa na kichwa vikabaki.

Hubert Sauper alikwenda Mwanza na kurudi na Jinamizi la Darwin, filamu iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Venice mwaka 2004. Ilipata tuzo ya filamu bora ya hali halisi ya Ulaya mwaka huo, ikateuliwa kuwania Oscar ya 2006. Inamwonyesha mlinzi wa usiku mwenye mishale ya sumu, watoto wanaogombea chakula, marubani wa ndege za mizigo, wanawake wanaouza miili kwa marubani hao, na picha ambayo hakuna aliyeiona akaisahau: mapanki, yaani mifupa ya samaki, yakitambaliwa na funza kabla ya kukaushwa na kukaangwa. Juu ya yote hayo Sauper alitupa swali, kama ndege zinazokuja kuchukua samaki huwa zinaleta silaha.

Majibu yalikuwa makali. Katika hotuba yake kwa taifa ya Julai 31, 2006, Rais Jakaya Kikwete aliishutumu filamu hiyo kwa kuichafua nchi, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Ufaransa, mwanahistoria François Garçon aliandika kitabu akidai Sauper alipotosha mambo. Sauper akamshtaki kwa kumkashifu na kushinda mahakamani Paris mwaka 2008.

Kisumu ilikuwa na haki ya kuingia kwenye ubishi huo, kwa sababu mapanki ya Mwanza hapa yanaitwa mgongo wazi na makao yake ni Obunga. Pita mtaani humo asubuhi uone kazi inavyokwenda. Mifupa huletwa kutoka viwandani ikiwa bado na nyama iliyoshikilia karibu na mkia na kichwani. Wanawake huikwangua magamba, huikatakata, huitandaza juani kwenye vichanja, kisha huitumbukiza kwenye karai la mafuta yanayochemka juu ya moto wa kuni. Moshi hupanda, macho hulia, na aliyezoea hujua kwa sauti ya mafuta kwamba kipande kimeiva. Jioni bidhaa hiyo iko Kibuye na masoko mengine, ikiuzwa kwa mtu ambaye hawezi kununua samaki mzima.

Sauper hakusema uongo kuhusu dhuluma iliyomo: anayeishi kando ya ziwa kula mfupa na anayeishi mbali kula nyama ni jambo la kukasirisha, na wanaojua biashara ya jaboya ufukweni, ambapo mchuuzi hulazimika kulala na mvuvi ili apate samaki, hawahitaji filamu kuwaeleza uhusiano wa samaki na ukimwi. Ila kamera yake iliona uozo ikaishia hapo. Haikuona hesabu za mama wa karai: bei ya mifupa, bei ya kuni, deni la jana, karo ya mwisho wa muhula. Kukosekana kwa hesabu hizo ndiko kulikowaumiza watu wa Mwanza, hata wale waliokubali kwamba umaskini ulioonyeshwa ulikuwa wa kweli.

Nyawawa aenda Kibera

Tom Tykwer, aliyejulikana duniani kwa filamu yake ya 1998 kuhusu binti anayekimbia mitaani Berlin, alichukua mkondo tofauti. Yeye na Marie Steinmann walianza na kazi za sanaa kwa watoto wa Kibera, kisha wakaendesha mafunzo ambapo waongozaji na waandishi wa Afrika Mashariki ndio wangetengeneza filamu zao, Wajerumani wakiwa walimu na wafadhili. Huko ndiko ilikotoka Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga mwaka 2012, filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kuwania Oscar, na baadaye Kati Kati ya Mbithi Masya na Supa Modo ya Likarion Wainaina.

Filamu ya kwanza katika mfululizo huo, Soul Boy ya 2010, iliongozwa na Hawa Essuman kwa mswada wa Billy Kahora, na ikazoa tuzo ya watazamaji Rotterdam. Kijana Abila wa Kibera anamkuta babake dukani amekaa kama gogo, akidai roho yake imeibwa, na mwizi ni Nyawawa. Ili kuikomboa, Abila anapewa majaribu saba.

Mzee wa Nyanza hahitaji kuelezwa Nyawawa ni nani. Usiku upepo unapovuma kwa nguvu kutoka ziwani, watu hupiga sufuria, milango na mabati, kelele ikishika kutoka boma hadi boma, ili pepo hao wasukumwe mbele wasiingie nyumbani. Kwenye filamu amekuwa mwanamke mrembo wa mjini anayenasa wanaume. Wapo watakaolalamika kwamba mila imegeuzwa. Kwa upande mwingine, ikiwa Pasolini aliyafanya mapepo ya Wagiriki kuwa miti ya Afrika, safari hii pepo wa ziwa letu aliingia kwenye tamasha la Ulaya kwa jina lake mwenyewe, akiwa amepelekwa na Wakenya.

Kuziona kwanza

Ukweli ni kwamba watu wengi wa Kisumu hawakulelewa na Herzog wala Pasolini. Sinema iliyowalea ni ya Kihindi, ya karate, ya kauboi, na baadaye vibanda vya video ambako DJ Afro husimulia juu ya filamu ya kigeni hadi mhusika wa Hong Kong anaanza kuzungumza kama kijana wa Nairobi. Hilo nalo ni kujibu, tena kwa kicheko.

Lakini filamu zilizopigwa kando ya maziwa yetu ni kumbukumbu zetu pia, na wanaozitunza wako mbali. Madokezo ya Pasolini yamekarabatiwa Bologna, na filamu ya Herzog iko Ujerumani. Kuzileta Kisumu na Maseno, kuzionyesha bure, na kuwaachia walimu, wavuvi na kina mama wa Obunga wabishane nazo, ni kazi isiyogharimu sana kaunti au chuo chochote chenye ukumbi na projekta. Yule mwanafunzi aliyempinga Pasolini kule Roma hakuwa na kamera. Wa leo anayo mfukoni, kwenye simu. Anachohitaji ni kuziona filamu zenyewe, ili anapoanza kupiga yake ajue anamjibu nani, na juu ya jambo gani.