Kuuona ulimi ukisema

Wadau, leo nimetoka maktaba na kisa. Mwaka 1874 Alexander Graham Bell, mwalimu wa viziwi kule Boston, alichukua sikio la maiti akaliunganisha na unyasi. Alipozungumza, unyasi ukachora mawimbi ya sauti kwenye kioo chenye masizi. Alitaka wanafunzi wake waone kile wasichoweza kusikia. Fikra hizo zilimsaidia kufikia simu mwaka 1876.

Wazo lenyewe halikufa. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliripoti jinsi walivyomgandishia vihisio ulimini mtu mzima aliyeharibikiwa usemi baada ya ubongo kuumia. Kompyuta ikamwonyesha ulimi wake ulipo na unapotakiwa kufika.

Hapo nikamkumbuka babu. Kiharusi kilipompiga, neno analijua ila ulimi unagoma. Sisi tukawa tunampigia kelele: "Babu, sema maji!" Kumbe masikio yake mazima jamani! Na mimi ndo nasomea ualimu.

Wataalamu wa tiba ya usemi hutumia hata kioo cha kawaida, mgonjwa aione midomo yake. Likizo hii nitakaa na babu mbele ya kioo, polepole, bila kelele.