Nyambizi ya Chicago na Siri ya Watu Elfu Tatu

Katika jiji la Chicago, nchini Marekani, maili nyingi kutoka bahari yoyote, imo nyambizi ya Kijerumani iliyowekwa ndani ya ukumbi mkubwa uliojengwa chini ya ardhi. Jina lake ni U-505. Urefu wake unapita mita 76, na katika Vita Kuu ya Pili ilikuwa ni miongoni mwa silaha zilizotisha kila nahodha wa meli ya mizigo. Leo watoto wa shule huingia ndani yake na walimu wao, wakainama kupita milango yake ya chuma, wakatoka upande wa pili.

Mgeni aingiaye humo hushangazwa kwanza na ufinyu wake. Watu 59 walikuwa wakiishi katika bomba hilo la chuma kwa wiki nyingi mfululizo, wakilala kwa zamu, wengine vitanda vyao vikiwa juu ya topido zenyewe. Nje ya nyambizi, katika makabati ya vioo, vimewekwa vitu vilivyopatikana ndani yake. Kilicho na thamani kuliko vyote ni mtambo mmoja mdogo, unaofanana na taipureta. Huo ndio mtambo wa Enigma, ambao Wajerumani waliutumia kufumba maneno ya amri zao ili adui asizielewe.

Swali linalomjia mgeni ni hili: silaha kama hiyo ilifikaje mikononi mwa adui ikiwa nzima? Maana amri ya jeshi la majini la Ujerumani ilikuwa wazi: nyambizi isiyoweza kupigana tena sharti izamishwe na mabaharia wake wenyewe, pamoja na siri zake zote. Jibu la swali hilo lina mafunzo kwa kila avaaye sare.

Nyambizi hiyo iliundwa Hamburg na kuingia kazini mwezi Agosti, 1941. Mwanzoni ilikuwa na bahati. Mwezi Machi na Aprili, 1942, ilivizia katika maji ya Afrika Magharibi, upande wa Freetown, ikazamisha meli nne. Vita hivyo vya chini ya maji vilizifikia pia pwani za Afrika Mashariki. Mwezi Februari, 1944, meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa imebeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 ya mwezi huo ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani, na watu wapatao 1,300 wakaangamia. Majina ya wengi wa askari hao yamechongwa katika mnara wa kumbukumbu huko Nairobi. Basi asemaye kuwa vita vya nyambizi vilikuwa vita vya Wazungu peke yao, hajasoma majina hayo.

Bahati ya U-505 haikudumu. Mwezi Novemba, 1942, ndege ya Uingereza iliipiga bomu karibu na Trinidad, ikarudi Lorient, nchini Ufaransa, ikichechemea. Matengenezo yalichukua miezi. Kila ilipotoka ilirudi tena upesi na hitilafu, kwa kuwa mafundi wa Kifaransa waliolazimishwa kuitengeneza walikuwa wakiihujumu kwa siri. Mabaharia wa nyambizi nyingine wakaanza kuicheka. Tarehe 24 Oktoba, 1943, mabomu ya adui yakilipuka kila upande, kamanda wake, Peter Zschech, alijipiga risasi mbele ya mabaharia wake. Msaidizi wake ndiye aliyeirudisha nyambizi salama. Jeshi laweza kupoteza silaha likapewa nyingine, lakini imani ya askari kwa uongozi wao haitengenezwi karakanani.

Upande wa pili kulikuwa na Kapteni Daniel Gallery wa jeshi la majini la Marekani, aliyeongoza manowari ndogo ya kubeba ndege, Guadalcanal, pamoja na manowari tano za kusindikiza. Mwezi Aprili, 1944, kikosi chake kililazimisha nyambizi nyingine, U-515, kuibuka, nayo ikazama. Gallery akajiuliza: je, ingetekwa kabla ya kuzama? Akaamuru kila manowari itayarishe kundi la watu wa kuirukia nyambizi itakayoibuka. Wengi waliona ni ndoto. Lakini alijua kwamba nafasi haimngoji asiyejiandaa.

Nafasi hiyo ilikuja Jumapili ya tarehe 4 Juni, 1944, katika bahari iliyo magharibi ya Rasi Blanco, pwani ya Afrika. Muda mfupi baada ya saa tano asubuhi, manowari Chatelain ilisikia mlio wa chuma chini ya maji. Ndege mbili zilizokuwa juu ziliiona nyambizi ikipita chini ya mawimbi, zikapiga risasi majini kuonyesha mahali ilipo. Chatelain ikamwaga mabomu yake. Hazikupita dakika saba, U-505 ikaibuka.

Usukani wake ulikuwa umevunjika, nayo ikawa inazunguka kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Kamanda mpya, Harald Lange, alijeruhiwa vibaya. Akiamini kwamba nyambizi yake imekwisha, akatoa amri iachwe. Mabaharia wakafungua njia ya maji, wakajirusha baharini. Lakini hawakungoja kuona kama kazi imetimia. Injini zilikuwa zingali zikienda, mabomu ya kuilipua hayakulipuka, na vitabu vya siri vilikuwa vingali makabatini. Mjerumani mmoja aliuawa, na 58 wakatekwa.

Kutoka manowari Pillsbury, mashua moja iliifuata nyambizi hiyo ikiwa na watu wachache wakiongozwa na Luteni Albert David. Hawakujua kama ndani mna adui angojaye na bunduki, au bomu lililokwisha kutegwa. David akashuka ngazini wa kwanza, na wawili wakamfuata. Baharia Zenon Lukosius akakuta maji yakiingia kwa nguvu kupitia tundu lililofunguliwa. Akakiona kifuniko chake hapo karibu, akakirudisha mahali pake. Kwa kifuniko hicho nyambizi ikaokoka. Baadaye injinia Earl Trosino alitambaa chini ya mitambo yenye mafuta, akihangaika na mabomba na vali za nyambizi ambayo hakupata kuiingia maishani mwake. Luteni David alitunukiwa nishani kubwa kuliko zote za nchi yake, lakini alifariki mwezi Septemba, 1945, kabla ya kuvishwa.

Waliyoyapata humo yalikuwa ni mitambo miwili ya Enigma, vitabu vya maandishi ya mafumbo, ramani za siri, na topido za aina mpya zilizofuata sauti ya meli. Lakini ushindi huo ungeweza kugeuka hasara kwa neno moja tu. Kama Ujerumani ingepata habari kwamba vitabu vyake vimetekwa, ingebadili mafumbo yake yote mara moja. Na siku mbili tu baadaye, tarehe 6 Juni, majeshi ya Marekani, Uingereza na wenzao yalikuwa yatue katika fukwe za Normandy.

Hapo ndipo jambo kubwa zaidi lilipotendeka. Watu wapatao 3,000 wa kikosi cha Gallery walikuwa wameiona nyambizi hiyo ikivutwa kwa kamba nyuma ya manowari yao. Wengi wao walikuwa vijana, na baadhi walikwisha kujichukulia vitu vidogo vya kumbukumbu. Gallery akawaamuru wavirudishe vyote na wafunge vinywa vyao, hata kwa wazazi na wake zao. Nyambizi ikafikishwa Bermuda tarehe 19 Juni, ikafichwa huko na kupewa jina jingine. Ujerumani ikadhani imezama, na siri haikuvuja hadi ilipotangazwa mwezi Mei, 1945, baada ya Ujerumani kusalimu amri. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hapa kata zilikuwa elfu tatu, na hata moja haikusema.

Lakini haki inataka upande wa pili wa jambo hilo nao usemwe. Ili siri isivuje, mateka wale 58 walitengwa katika kambi ya Ruston, jimbo la Louisiana, wakanyimwa ruhusa ya kuandika barua, na Msalaba Mwekundu haukuruhusiwa kuwaona. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 uliwapa mateka haki ya kuwajulisha jamaa zao kwamba wako hai. Huko Ujerumani jamaa waliambiwa kwamba watu wao wamekufa, wakawalilia watu waliokuwa wakipumua. Wengi hawakurudi makwao hadi mwaka 1947. Siri ilikuwa ya lazima katika vita. Hata hivyo iliwatoza gharama mama na wake wasiokuwa na bunduki mikononi.

Vita vilipokwisha, jeshi la majini la Marekani halikuwa na haja tena ya nyambizi hiyo, ikawa karibu kuzamishwa. Wananchi wa Chicago, mji alikozaliwa Gallery, wakachanga fedha, na mwaka 1954 ikavutwa kupitia Maziwa Makuu ya Amerika hadi kwenye jumba la makumbusho la sayansi na viwanda. Ikawekwa wakfu tarehe 25 Septemba kuwa kumbukumbu ya mabaharia wa Marekani waliokufa baharini. Makampuni ya Ujerumani yaliyotengeneza sehemu zake za asili yakatoa vipuri bila malipo. Waliokuwa maadui wakasaidiana kuihifadhi silaha iliyowagombanisha. Mwaka 2004 ikahamishiwa katika ukumbi wake wa sasa ili isiliwe na kutu.

Wasikilizaji, kati ya watu wapatao 40,000 waliotoka bandarini kwa nyambizi za Ujerumani katika vita hivyo, takriban robo tatu hawakurudi. Wale 58 wa U-505 walirudi kwa sababu waliiacha nyambizi yao upesi, na kwa sababu adui aliyewashinda aliwaokoa majini badala ya kuwaacha wazame. Hakuna mwenye moyo atakayewalaumu kwa kupenda uhai. Lakini askari na polisi wanajua kwamba kazi iliyoachwa nusu humalizwa na mwingine, na huimaliza kwa faida yake. Wajerumani walifungua tundu wakaondoka. Adui akalifunga, na pamoja na nyambizi akapata siri zote zilizokuwamo.