Kuku wa Ufaransa na Kuku wa Uani Kwetu

Wasikilizaji, kila afugaye kuku aijua asubuhi ya namna hii. Jana jioni aliwafungia kuku wake ishirini, wote wazima. Leo afunguapo mlango wa banda, wawili wamelala wamekufa, na wa tatu amejitenga peke yake: mabawa yameshuka, anahema kwa taabu, na kinyesi chake ni maji ya rangi ya kijani. Kesho kutwa wengine watapinda shingo. Juma likiisha, banda ni tupu. Maradhi hayo ndiyo mdondo, na wengine huyaita kideri.

Kuku aliyejeruhiwa na mwewe aweza kuponywa. Jeraha lake huoshwa kwa maji safi yenye chumvi kidogo, naye hutengwa, maana wenziwe wakiona damu humdonoa. Lakini mdondo hauna dawa ya kuuponya. Aliyengoja mpaka auone amekwisha chelewa. Basi leo nataka kueleza jinsi wanadamu walivyojifunza kuyatangulia maradhi. Na ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya elimu hiyo waliipata kwa kuku.

Mwaka wa 1796, huko Uingereza, daktari Edward Jenner alimchanja mtoto kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, na mtoto yule akakingika na ndui ya watu. Watu waliona faida yake, lakini sababu yake hawakuijua. Ikapita miaka zaidi ya themanini.

Ndipo Louis Pasteur wa Ufaransa, ambaye hakuwa daktari bali mtu wa elimu ya kemia, alipoanza kuchungua maradhi yaitwayo kipindupindu cha kuku. Alivikuza vijidudu vya maradhi hayo katika chupa zenye mchuzi wa kuku. Kuku aliyepigwa sindano ya vijidudu hivyo alikufa upesi. Lakini mwaka wa 1879 yeye na wasaidizi wake walitumia vijidudu vilivyokaa chupani siku nyingi bila kubadilishiwa mchuzi. Kuku waliopigwa sindano hiyo waliugua kidogo tu, kisha wakapona. Baadaye walipigwa sindano ya pili, ya vijidudu vipya vyenye nguvu, pamoja na kuku wengine ambao hawakuguswa kabla. Wale wageni wakafa; wale wa kwanza wakaishi.

Pasteur akafahamu maana yake. Adui aliyedhoofishwa huufundisha mwili kupigana, na adui mwenye nguvu ajapo, huukuta mwili umekwisha jiweka tayari. Februari 1880 aliwatangazia habari hiyo wataalamu wa Paris. Kwa njia hiyo hiyo, mwaka wa 1881 aliwakinga kondoo na kimeta, na mwaka wa 1885 alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye mtoto akaishi.

Mdondo wenyewe ulitambuliwa baada ya Pasteur kufa. Mwaka wa 1926 kuku wengi walikufa katika kisiwa cha Java, na mwaka huo huo wakafa kuku karibu na mji wa Newcastle, Uingereza. Mtaalamu aitwaye Doyle aliyachungua, akayapa maradhi jina la mji huo. Mwaka wa 1935 yalionekana katika pwani ya Kenya.

Chanjo zilipatikana, lakini kwa muda mrefu ziliwafaa zaidi wenye mashamba makubwa. Chupa moja ilitosha kuku mamia kwa mamia, tena ilitaka kuwekwa katika baridi daima. Mwenye kuku kumi na wawili kijijini, asiye na barafu, angeifanyia nini? Katika miaka ya 1990 Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, pamoja na wenzake, walitayarisha chanjo iitwayo I-2, inayostahimili joto kupita zile za kwanza. Yaweza kuchukuliwa katika kikapu, imeviringishwa kitambaa chenye maji, mradi isipigwe na jua. Haihitaji sindano: tone moja katika jicho moja la kila kuku latosha, na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chanjo hiyo imetumika Tanzania, Msumbiji na nchi nyingine.

Hata hivyo kuku wanaendelea kufa, na kosa si la chanjo. Wengi humwita mchanjaji baada ya kusikia kuku wa jirani wanakufa. Wakati huo maradhi yamekwisha ingia ndani ya kuku wao, ingawa kwa macho hawajaonekana kuwa wagonjwa. Siku chache baadaye kuku hufa, na mwenyewe husema, "Dawa ndiyo iliyowaua." Kuku wa Pasteur hawakuponywa wakiwa wagonjwa, walikingwa wangali wazima. Asiyelielewa jambo hilo ataitupa ngao iliyo bora kwa kuwa aliivaa baada ya kuchomwa mkuki.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mtu auonapo ugonjwa bandani mwake, huwakimbiza kuku waliosalia sokoni ili asipate hasara. Hasara haikwishi, ameigawa tu kwa vijiji vingine, na huenda ikarudi kwake mwenyewe. Kuku mgonjwa atengwe, wala asiuzwe. Aliyekufa achomwe moto au afukiwe chini sana, na matumbo na manyoya yasitupwe njiani. Kuku mgeni akae mbali na wenyeji majuma mawili kwanza.

Kwa hiyo, wasikilizaji, kuku wenu wangali wanaparura uani kwa afya njema, huo ndio wakati wa kumwendea bwana mifugo. Nendeni pamoja na majirani, mgawane chupa moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.